Spika Zangu Ziko Kituoni

Machi 3

Mvua imeanza rasmi. Kabla sijamaliza chai kazi mbili zimeahirishwa, harusi moja na kikao cha wazazi wa shule. Maturubai yangu manne ya kukodisha yaliyorudi jana yamelowa hadi kamba, na turubai likilala mbichi siku mbili linaota ukungu, na ukungu hauna dawa. Nimeyatandaza kila mahali, moja liko hadi sebuleni. Mume wangu amelizunguka, akawasha redio.

Redio imesoma agizo la Rais. Kuanzia Jumatatu, mkusanyiko wowote wenye kipaza sauti lazima uwe na kibali cha mkuu wa wilaya, na kibali kiombwe siku saba kabla. Wametaja harusi, ibada za uwanjani, mikutano ya ushirika na misiba.

Mume wangu ni bwana mifugo, mwajiriwa, kwa hiyo ndiye serikali pekee niliyo nayo ndani ya nyumba. Nikamuuliza yeye.

“Msiba nao siku saba kabla?”

“Ndivyo walivyosema.”

“Kwa hiyo anayetaka kufa Jumamosi ijayo apeleke barua leo?”

“Kula, chakula kinapoa.”

Machi 5

Mvua. Viti viwili vimevunjika miguu. Basi.

Machi 8

Shemeji amekuja, mdogo wake mume wangu, mwenyekiti wa tawi la chama tawala. Siku hizi kofia ya chama haivui hata mezani. Kuna mikutano miwili, mmoja wa mkuu wa wilaya tarehe ishirini, wa kuandaa wananchi, na mwingine mkubwa Aprili, atakapokuja Rais mwenyewe. Wanataka viti vyote, maturubai yote na spika zote.

“Mkutano wa nini?”

“Wa shukrani, shemeji. Kumshukuru Rais kwa kukubali kuendelea.”

“Nani alimwomba?”

“Wananchi.”

“Mimi sikumwomba. Wewe ulimwomba?”

Akacheka kama mtu aliyekanyagwa kidole. “Mama Viti, usinitafutie balaa. Mimi nimetumwa viti.”

Niliwahi kumpenda Rais huyu kuliko shemeji anavyompenda sasa. Kura ya kwanza nilimpigia nikiwa na homa, nimeshikiliwa na wifi yangu kwenye foleni. Kura ya pili nilimpigia na kuwabeba wengine thelathini kwenye pikapu yangu. Alisema miaka kumi inamtosha, na mimi nilikuwa mstari wa pili, nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Sasa bunge limebadilisha katiba kwa siku moja. Mimi turubai likichanika huchukua siku tatu kuliziba, na ni kitambaa tu.

Nilianza na viti ishirini vya mbao na mkokoteni, nikiusukuma mwenyewe na tumbo la mtoto wa pili liko mbele yangu. Leo nina viti mia sita, maturubai kumi na mawili, spika nane, honi nne za kupeleka sauti mbali na ampli mbili za kuiongeza. Hakuna mkubwa aliyenishika mkono. Nikikwambia nimechoka kutoa vitu vyangu bure kwa watu wanaoniambia ni vya taifa, ujue nimechoka.

Nimetoa. Ningefanya nini?

Machi 12

Mama wa fundi cherehani wa mtaa wetu amefariki juzi. Fundi alikwenda kuomba kibali cha spika. Karani akamwambia fomu imeisha, arudi Jumanne. Mazishi ni leo, Alhamisi. Nikapeleka viti na maturubai, spika nikaziacha stoo kama raia mwema.

Mvua ilikuwa inapiga turubai kama mtu anayemwaga mchanga. Mchungaji akaongea, mistari mitatu ya mbele ikasikia. Wa nyuma wakawa wanaulizana, “Amesema nini? Amesema nini?” Mwisho fundi mwenyewe akasimama kumuaga mama yake, akapaza sauti mpaka ikakatika, akakaa chini kabla hajamaliza.

Sikuweza kumtazama. Spika nane ziko stoo, kavu, zinafanya kazi.

Machi 15

Hakuna kazi. Nimeshona turubai.

Machi 20

Leo nimejiharibia. Naandika kama ilivyokuwa, maana kufikia kesho kila mtu atakuwa na yake.

Mkutano wa mkuu wa wilaya ulipangwa saa nane. Asubuhi tulikuwa uwanjani, mimi na fundi wangu wa mitambo. Tunamwita Waya. Ni miaka tisa yuko kwangu, namwamini kuliko ndugu zangu kadhaa.

Kujaribu spika kuna utaratibu. Waya huenda mbali, kona moja baada ya nyingine, kusikiliza kama sauti inafika bila kukwaruza. Mimi hubaki kwenye maikrofoni naongea. Wenzetu huhesabu moja, mbili, moja, mbili. Mimi sihesabu. Anayehesabu sauti yake haipandi wala haishuki, haikuonyeshi spika ina ugonjwa gani. Mtu inabidi aongee kama anavyoongea siku zote, acheke, akasirike. Kwa hiyo mimi hupiga soga: nyanya zimekuwa ndogo, jirani hajarudisha ngazi yangu. Na spika za karibu huwa nimezizima ili zisipige mluzi. Ndiyo maana sijisikii. Nasikia mdomo wangu tu, kama niko jikoni peke yangu.

Waya alikuwa ameelekea sokoni. Honi zote nne zilikuwa juu ya nguzo, zimeelekezwa huko. Rasharasha inanidondokea shingoni. Nikaanza na nyanya. Nikaingia kwenye msiba wa mama wa fundi cherehani, jinsi mwanawe alivyokatika sauti. Halafu nikaendelea. Maneno yenyewe nayakumbuka vizuri kwa sababu nimeshasomewa mara mbili na polisi.

“Hivi huyu mzee tulimkosea nini? Tulimchagua ajenge barabara, sasa anataka kujua nani analia na analia kwa sauti gani. Tulimpa nchi aitunze, hatukumpa aihamie. Akikohoa tu bunge linapiga makofi, wanangu walikuwa hivyo hivyo wakitaka pipi. Na huyo mkuu wa wilaya anayekuja hapa leo, kijana mzuri, amesoma, kazi yake ni kugawa ruhusa za kuzika. Si bora angekuwa na duka? Mzee, umefanya yako, mengine mazuri, asante. Nenda kapumzike. Unatuchosha.”

Nikamwona Waya anatokea kwenye matope anakimbia, mikono yote juu, anaipunga kama anayefukuza nyuki.

Nikadhani anasema sauti ni ndogo. Nikaongeza.

“Unatuchosha,” nikarudia, kwa nguvu, ili asikie vizuri.

Aliponifikia hakuwa na pumzi. Alichomoa waya kwanza, ndipo akasema, “Mama. Soko zima limesimama.”

Kweli lilikuwa kimya. Sijawahi kusikia soko kimya. Kisha mtu mmoja akacheka, mwanamke, kicheko kirefu, na baada yake yakafuata makofi machache, ya haraka haraka, yakakoma.

Polisi walikuja kabla hatujakunja nyaya. Wakaniandika jina. Hawakunichukua mimi, walichukua mitambo, wanasema ni kielelezo. Spika zote, honi, ampli, mpaka maikrofoni. Wakazipakia kwenye lori lisilo na paa.

“Jamani, zifunikeni,” nikawaambia. “Ndani ni karatasi hizo.”

“Mama, leo umeongea ya kutosha,” akasema mmoja.

Machi 21

Watu wanne wamekuja kunipa pole, wote kwa mlango wa nyuma. Wa tano alipita upande wa pili wa barabara, akanionyesha dole gumba usawa wa kiuno, mkono mwingine umeshika mwavuli. Ushujaa wa msimu huu ndio huo.

Mume wangu hajanilaumu. Hajasema lolote. Nimekasirika zaidi kuliko kama angenilaumu.

Machi 24

Nimeitwa kwa mkuu wa wilaya. Ni kijana kweli, ana adabu, alinivutia kiti mwenyewe.

“Mama yangu, mimi sina ugomvi na wewe.”

“Spika zangu ziko kituoni, baba. Huo mbona ni ugomvi.”

“Nina bosi, mama. Na bosi ana bosi.”

“Na bosi wa mwisho si ndiye sisi? Si ndivyo tulivyoambiwa shuleni?”

Akacheka, akatazama mlango kama umefungwa. “Hilo usiliseme kwenye spika.”

Kisha akanieleza. Aprili kumi na moja, siku ya ujio wa Rais, nitapanda jukwaani nisome maneno ya kuomba radhi, mbele yake na mbele ya wananchi. Nikisoma, napewa mitambo yangu na leseni yangu haiguswi. Nisiposoma, leseni ya kukodisha imekwisha, na mitambo inabaki kielelezo hadi kesi, na kesi haina tarehe.

“Na kile nilichosema kuhusu duka,” nikamwambia, “hicho naweza kukuomba radhi sasa hivi. Nilikuwa najaribu spika.”

“Mama,” akasema taratibu, “baba yangu alikuwa na duka.”

Nilitoka pale sijui nimchukie vipi.

Machi 26

Mume wangu ameambiwa kwa mdomo kwamba huenda akahamishiwa kule mpakani. Ameniambia huku anafunga kamba za viatu.

Machi 29

Mvua, mvua. Msiba mmoja, viti themanini, bila spika. “Amesema nini? Amesema nini?”

Machi 31

Waya ameacha kazi. Hakuniambia, nimeambiwa na muuza vocha. Chama kimekodi mitambo kutoka mji mwingine, na Waya ndiye atakayeiendesha siku ya Rais. Nikajiandaa kwa matusi, nikayapanga vizuri, nikaenda kwake. Alinifungulia mkewe, amebeba kichanga ambacho hakijafika hata mwezi, nyuma yake ndoo inakinga maji yanayovuja kwenye bati. Nikauliza mtoto anaendeleaje, nikarudi nyumbani na matusi yangu yote.

Aprili 4

Shemeji amekuja tena, safari hii kofia iko mfukoni. Mimi nilishamhukumu siku nyingi. Nilijua ndiye aliyewaita polisi, nani mwingine? Nilimfungulia mlango nusu.

“Niingie, shemeji, nalowa.”

“Lowa kidogo. Spika zangu nazo zinalowa.”

Akaingia kwa kupenyeza bega. Akatoa karatasi, maneno nitakayosoma. Kumbe zile siku zote alizopotea alikuwa ofisi ya chama akibishana nao neno kwa neno. Ya kwanza ilikuwa inasema nimepiga magoti, na inasema nilitumwa na maadui wa nchi.

“Hilo la kutumwa nikasema haliwezekani,” akanieleza. “Ukikiri umetumwa, kesho wanakuuliza umetumwa na nani. Utamtaja nani? Hiyo si radhi, hiyo ni jela. Nimekaa nao siku tatu. Wamenipigia kelele, wameniuliza mimi niko upande gani.”

“Ukawaambia upande gani?”

“Nikawaambia niko upande wa kaka yangu kupata chakula cha jioni.”

Nikaisoma. “Umebakiza ‘mama mjinga’.”

“Hilo walikataa kabisa kulitoa. Nimejaribu ‘asiyeelewa’. Nimejaribu ‘mzito wa kuelewa’.” Akanitazama kwa macho ya huruma kweli. “Wanalipenda.”

Nimecheka. Sikutegemea. Nimemmiminia chai.

Nilimuuliza nani basi aliita polisi. Akashangaa. “Shemeji, mkuu wa kituo alikuwa sokoni ananunua viazi. Alikusikia mwenyewe.”

Aprili 8

Asubuhi mume wangu ameongea. Alikuwa ananoa kisu cha kazi, hakuinua kichwa.

“Ile karatasi. Kama huwezi kuisoma, usiisome.”

“Watakupeleka mpakani.”

“Ng’ombe wako kila mahali.”

Miaka ishirini na mbili nimekuwa nikiuhesabu ukimya wake kuwa woga. Alisema maneno hayo kama anayesema kuna mvua. Ana kifua kibovu, na kule mpakani anajua kuna baridi gani.

Ndiyo maana nitasoma. Angeniomba nisome, nadhani ningekataa.

Aprili 11

Nimesoma.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Viti vyangu mia sita, vimekaliwa kama mia tatu na hamsini, nusu yao wanafunzi na watumishi walioletwa na malori. Redio jioni imesema umati wa watu elfu hamsini. Labda wamehesabu na matone.

Rais hakuja. Wamesema helikopta imeshindwa na mawingu. Lakini nafasi yake ilikuwa imeandaliwa jukwaani na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuiondoa. Na walipotafuta kiti kinachomfaa walichukua kwangu kile cha bwana harusi, chenye mikono ya rangi ya dhahabu, wakakitandika bendera. Mshereheshaji akaniambia, “Elekea kwa mheshimiwa, mama.”

“Yuko wapi?”

“Elekea kiti.”

Nikakielekea kiti changu mwenyewe. Mkono wa kushoto rangi imebanduka, bwana harusi mmoja aliukwangua kwa pete, najua mpaka siku.

Nikaanza: “Mimi mama mjinga…” Mitambo ikapiga mluzi. Waya alikuwa kwenye ampli, kainamisha kichwa. Spika wamezipanga vibaya, zinaitazama maikrofoni. Nikaacha kusoma, nikasogea hatua mbili kushoto, nikaishusha maikrofoni chini ya kidevu, mluzi ukakata. Nikaanza upya. Sauti ikafika hadi sokoni, safi kabisa, kila neno. Sijui kufanya kazi vibaya, hata ile.

Nilidhani watacheka. Hakuna aliyecheka. Watu wa mstari wa mbele walitazama viatu vyao. Nilipomaliza mkuu wa wilaya akapiga makofi, akagundua yuko peke yake, akaendelea kidogo kwa kuwa kuacha ingekuwa vibaya zaidi.

Nyumbani nimelala na nguo za mvua. Mume wangu amenivua viatu.

Aprili 12

Sikwenda popote.

Aprili 14

Kituoni. Shemeji alinipeleka na pikapu yangu, maana mikono yangu haikuwa na raha ya usukani. Akabaki nje kugeuza gari.

Askari wa stoo akanipeleka uani. Nilitegemea chumba. Ni ua tu, ukuta na anga. Zilikuwa pale chini, zimelaliana jinsi zilivyoshushwa siku ile ile ya kwanza. Nikainua moja, maji yakamwagika tumboni mwake, mengi, meusi, yakanijaa viatuni. Nikagusa karatasi ya ndani kwa kidole, kikapita, kama mkate uliochovywa kwenye chai. Ya pili vile vile. Kwenye honi moja kulikuwa na konokono. Ampli niliinamisha ikalia maji ndani kama dafu.

Nilikagua zote nane. Nilichukua muda wangu. Hakuna nzima.

Askari alikuwa ananisubiri na karatasi na kalamu. “Saini hapa mama, uondoke na mali yako.”

Nikasoma. Nimepokea mali yangu yote ikiwa nzima na inafanya kazi, na sina madai yoyote kwa serikali.

“Hii siwezi.”

“Mama, ni utaratibu tu.”

“Andika zimekufa, nitasaini.”

“Siwezi kuandika hivyo, nitaulizwa nani amezilowesha.”

“Si ndiyo vizuri uulizwe?”

Akashusha pumzi. Si mtu mbaya, alikuwa na koti lililochanika kwapani. “Mama Viti, sikiliza. Juzi umesoma ile karatasi mbele ya watu wote, mimi nilikuwepo. Hii ndogo, tuko wawili hapa, ndiyo inakushinda?”

Nilifikiri kidogo, maana ni swali la haki.

“Ile ilisema mimi ni mjinga,” nikamwambia. “Hayo ni maoni, kila mtu ana yake. Hii inasema spika ni nzima. Spika nazijua mimi.”

“Usiposaini huzichukui.”

“Kaa nazo.”

“Na leseni? Watasema umekataa kupatana.”

“Watasema.”

Nikamrudishia kalamu yake. Nilitoka nikitembea na viatu vinavyocheua maji, kila hatua. Sikujisikia shujaa. Nilijisikia kama mtu aliyekaa muda mrefu kwenye foleni, kisha akakumbuka kuwa nyumbani kuna kazi.

Shemeji alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma wa pikapu na kutandika magunia makavu ya kulazia spika.

“Ziko wapi?”

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akafunga mlango wa nyuma taratibu, akaniambia nikae ndani. Akaingia kituoni. Alikaa huko muda, mvua ikapita na kurudi. Alipotoka, koti limelowa mabegani.

“Umefanya nini?”

“Nimeandika maelezo. Kwamba nimeziona kwa macho yangu uani, hazina paa, na zote zimekufa. Nikaweka jina langu na cheo cha tawi.”

“Watakuondoa kwenye hicho cheo.”

“Kufikia Ijumaa, nadhani.” Akawasha gari, likakataa, akawasha tena. Tulifika mpaka kwenye mzunguko wa barabara, wipa zinalia. Ndipo akauliza, macho yako mbele:

“Shemeji, kwenye viti… unahitaji mtu wa kubeba?”

“Una mgongo?”

“Ninao.”

Nimemwambia aje Jumamosi, kuna msiba wa viti mia moja na hamsini. Avae viatu vya mvua.